Mtoto Yule na Mzee Huyu

Mtu mzima anaposema "nilipokuwa mtoto", hudai mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba jambo fulani lilitokea, na kwamba lilimtokea yeye. Dai la kwanza linaweza kupimwa kwa ushahidi kama habari nyingine yoyote. La pili watu hulipokea bila kuuliza, ilhali ndilo gumu zaidi. Msichana wa miaka sita aliyekaa benchi la nyuma, vidole vimemfa ganzi kwa baridi hata kalamu ya sleti ikamponyoka, na bibi kizee anayewasimulia wajukuu kisa hicho miaka sabini baadaye, hawafanani kimo, sauti, imani, wala kile wanachokiogopa. Wanaunganishwa na nini? Na yule mdogo, kabla dunia haijamgusa, alikuwa kiumbe wa namna gani mbele za Mungu: mwenye dhambi tangu tumboni mwa mama, au mgeni aliyetoka kwa Muumba wake juzijuzi na bado ananukia huko alikotoka? Maswali haya mawili, moja la falsafa na moja la dini, yamejadiliwa Uingereza kwa karne nyingi, na mara nyingi kwa mifano ileile: kijiji, kanisa lake, na shule ya chumba kimoja au viwili.

John Locke alizaliwa mwaka 1632 katika kijiji cha Wrington, Somerset, akakulia karibu na Pensford, katika eneo hilohilo. Kitabu chake kikuu kuhusu akili ya binadamu kilipotolewa mara ya pili, mwaka 1694, alikiongezea sura inayouliza ni nini kinachomfanya mtu kuwa yuleyule jana na leo. Jibu lake ni kwamba si mwili, kwa kuwa mwili hubadilika, wala si roho ikitazamwa kama kitu kilichofichika ndani, kwa kuwa hakuna awezaye kuthibitisha kwamba kitu hicho hakikubadilishwa. Ni fahamu. Pale fahamu ya mtu inapoweza kurudi nyuma na kulishika tendo la zamani kuwa lake, ndipo nafsi yake inapofika. Isipoweza kufika, nafsi nayo imekomea hapo.

Locke hakuandika hivyo kwa kucheza na mafumbo. Alikuwa akifikiria hukumu. Kwake, neno "mtu" lilikuwa kwanza neno la sheria, la kujua nani astahili thawabu na nani adhabu, na mahakama aliyoiwazia ilikuwa ile ya Siku ya Mwisho, siri za mioyo zitakapofunuliwa na kila mmoja kushitakiwa au kuachiliwa na dhamiri yake mwenyewe. Si haki kumwadhibu mtu kwa tendo ambalo hawezi kabisa kulitambua kuwa lake. Anayejua shule za zama zile ataona kuna huruma katika hoja hiyo. Locke alisoma Westminster chini ya Richard Busby, mwalimu mkuu aliyevuma kwa fimbo, na katika kitabu chake cha malezi cha mwaka 1693 alionya kwamba mtoto anayefunzwa kwa kipigo hujengeka moyo wa kitumwa.

Pingamizi maarufu kuliko yote dhidi ya Locke limejengwa pia juu ya fimbo ya shule. Mwaka 1785 Mskoti Thomas Reid alitoa mfano wa mvulana aliyechapwa shuleni kwa kuiba matunda bustanini. Mvulana akakua, akawa afisa, akateka bendera ya adui katika vita vyake vya kwanza. Uzeeni akawa jenerali. Afisa alipoteka bendera alikumbuka vizuri kuchapwa kwake. Jenerali anaikumbuka bendera, ila fimbo imemtoka kabisa akilini. Kwa kanuni ya Locke, afisa ndiye mtoto yule, na jenerali ndiye afisa yule, lakini jenerali siye mtoto yule. Kanuni inayofikisha mtu hapo imejifunga yenyewe. Askofu Joseph Butler alikuwa ameshaugusa udhaifu huo mwaka 1736 kwa njia fupi zaidi: kumbukumbu haiwezi kuumba umoja wa mtu, kwa sababu ili kumbukumbu iwe kumbukumbu, na si ndoto au hadithi ya kusikia, ni lazima anayekumbuka awe tayari ni yuleyule aliyetendewa.

Wako waliojaribu kumwokoa Locke kwa kusema kwamba si lazima jenerali aikumbuke fimbo moja kwa moja. Inatosha kumbukumbu zishikane kama pete za mnyororo, hii ikiishika ile mpaka utotoni. Suluhisho hilo lina nguvu. Hata hivyo linapita bila kutazama jambo lililo wazi katika mfano wa Reid, ambalo Reid mwenyewe hakulitumia. Mvulana yule hakuchapwa peke yake jangwani. Palikuwa na mwalimu, palikuwa na watoto wenzake waliokodoa macho, palikuwa na mwenye bustani aliyekwenda kushitaki, na bila shaka palikuwa na mama aliyeuliza jioni kwa nini mtoto hawezi kukaa.

Kisa cha mtoto mwizi wa matunda ni cha kale kuliko Uingereza ya wanafalsafa hawa. Agostino wa Hippo, aliyezaliwa Afrika Kaskazini mwaka 354, alisimulia katika Maungamo yake jinsi alivyoiba mapeasi na wenzake bila hata kuwa na njaa, na jinsi alivyomwomba Mungu, akiwa mdogo, asipigwe shuleni, huku wakubwa wakimcheka. Kwake, mapeasi yale yalithibitisha kwamba ubaya haungojei mtu akue. Fundisho lake la dhambi ya asili likawa msingi wa malezi ya Kikristo Ulaya Magharibi, na likafika hadi kwenye shule za vijijini. Mwaka 1789 Hannah More na dada yake Martha walipoanza shule kwa maskini wa Cheddar na vijiji vya vilima vya Mendip, imani iliyowaongoza ilikuwa kwamba mtoto huja duniani na tabia iliyopotoka, na kazi ya elimu ni kuinyoosha. Watoto walifundishwa kusoma ili waisome Biblia. Kuandika hawakufundishwa. Hata hivyo baadhi ya wakulima wakubwa walipinga, wakihofia kwamba kibarua ajuaye kusoma hatakubali tena kushika jembe. Akina More walidhulumu nusu ya akili ya mtoto, na ni haki kulisema hilo. Lakini katika vijiji vile wao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuamini kwamba mtoto wa kibarua ana roho inayostahili kitabu.

Upande wa pili wa hoja ulikuwa umeandikwa karne moja kabla, ila ulikuwa umelala gizani. Thomas Traherne, mtoto wa fundi viatu wa Hereford, alikuwa kasisi wa kijiji cha Credenhill katika karne ya 17, akafariki mwaka 1674. Tafakuri zake za maombi hazikuchapishwa hadi 1908, baada ya muswada kuokotwa mwishoni mwa karne ya 19 kwenye meza ya muuza vitabu vikuukuu London. Humo anakumbuka utoto wake kama Adamu angeikumbuka Edeni. Ngano shambani ilionekana haina mwanzo wala mwisho, mavumbi na mawe ya njiani yalikuwa na thamani ya dhahabu, na watu waliopita walikuwa kama malaika. Mtoto hakujua kwamba vitu vina wenyewe. Kilichomharibu, asema Traherne, si sana damu aliyorithi kwa wazazi bali desturi alizozikuta: watu walimwonyesha vitu vya kuchezea na fedha na mipaka ya mashamba, mpaka akajifunza kutamani visivyo na maana. Hakuikana dhambi ya asili. Alihamisha uzito wake kutoka kwenye kuzaliwa ukaenda kwenye kuzoezwa.

William Wordsworth hakuweza kumsoma Traherne, lakini alifika karibu na hapo kwa njia yake. Mama yake alifariki mwaka 1778, na mwaka uliofuata akiwa na miaka tisa alipelekwa Hawkshead, mji mdogo usiopita kijiji kikubwa, katika wilaya ya maziwa kaskazini magharibi mwa Uingereza. Shule ilikuwa imeanzishwa mwaka 1585 na Edwin Sandys, Askofu Mkuu wa York. Wavulana waliotoka mbali walipanga kwa wanakijiji, na Wordsworth alilelewa na Ann Tyson, mama mzee ambaye alibaki moyoni mwake. Katika jengo la shule, ambalo sasa ni makumbusho, limo dawati lenye jina lake lililochongwa kwa kisu.

Uzeeni, mwaka 1843, alimweleza rafiki yake Isabella Fenwick jambo linalostahili kutazamwa kwa karibu. Mtoto yule, akiwa njiani kwenda shule, mara nyingi alihisi kwamba vitu alivyoviona havipo nje yake. Kwamba kilima, ukuta na mti vyote vimo ndani ya nafsi yake. Hofu ikamshika. Basi akanyoosha mkono, akaushika ukuta wa mawe au shina la mti, akakaa ameushika mpaka dunia irudi mahali pake. Kuta za nchi ile ni za mawe makavu yaliyopangwa bila chokaa, baridi na zenye kukwaruza kiganja. Wanafalsafa wameandika majuzuu juu ya kama dunia ya nje ipo, na huyu hapa mtoto wa shule amelijibu swali kwa kiganja, akachelewa kengele labda, asimwambie mtu. Aliongeza kwamba utotoni hakuweza kuamini kuwa kifo kinamhusu na yeye.

Hisia hizo ndizo zilizozaa shairi lake kuu kuhusu kutokufa, lililochapishwa mwaka 1807, ambamo kuzaliwa kunafananishwa na usingizi na roho huja ikiwa bado na mwanga wa ilikotoka. Wasomaji wacha Mungu walishtuka, kwa kuwa Kanisa halifundishi kwamba roho huishi kabla ya mwili. Hilo ni fundisho la Plato. Wordsworth alijitetea kwamba hakukusudia kulifanya fundisho la imani. Alilitumia kwa sababu lilikuwa limesambaa katika mawazo ya mataifa mengi na lilifaa kueleza alichokikumbuka. Msomaji Mwislamu atapata hapa kitu cha karibu na fitra, ile hali safi ambayo mtoto huzaliwa nayo, na agano ambalo wana wa Adamu walimshuhudia Mola wao kabla ya kuja duniani. Tofauti ni kwamba agano lile halikumbukwi. Linaaminiwa kwa kuambiwa. Wordsworth alitaka kulikumbuka yeye mwenyewe, na hapo ndipo ugumu wake ulipo.

Maana kumbukumbu zake zilikuwa zikiandikwa upya. Muda mfupi baada ya kufika Hawkshead aliona nguo zimeachwa ufukweni mwa ziwa Esthwaite, na kesho yake wanaume waliotafuta kwa mashua na miti mirefu wakaopoa maiti. Katika rasimu ya mwaka 1799 ya shairi la maisha yake, tukio hilo ni mojawapo ya misiba ya vijijini iliyochora picha akilini mwake. Katika ile ya 1805 limehamishiwa kwenye sehemu inayosifu vitabu, na limepata maelezo mapya: mtoto hakuogopa, kwa sababu alikuwa ameshaona mambo kama hayo katika hadithi. Shairi linasema alikuwa hajatimiza miaka tisa. Aliyezama, James Jackson, mwalimu wa Sawrey jirani, alifariki Juni 1779, na Wordsworth alikuwa ametimiza tisa mwezi Aprili. Tofauti ni ya miezi miwili hivi tu na haimfanyi mwongo. Inaonyesha tu kwamba hata mtu aliyeuchunguza utoto wake kwa bidii kuliko karibu mwandishi yeyote, hakuweza kuushika bila kuugeuza kidogo mkononi.

Karne ya 20 ililipa jambo hilo jina la kisayansi. Frederic Bartlett, aliyezaliwa mwaka 1886 Stow-on-the-Wold katika vilima vya Cotswold, alionyesha katika kitabu chake cha 1932 kwamba kukumbuka ni kujenga upya kwa vipande vilivyopo, kwa kufuata ramani ya mambo ambayo mtu ameyazoea. Katika vilima hivyohivyo ndiko alikokulia Laurie Lee, aliyezaliwa mwaka 1914, aliyehamia kijiji cha Slad akiwa na miaka mitatu na kuandika utoto wake katika kitabu kilichotoka 1959. Kitabu kinaanza na mtoto huyo akishushwa kwenye gari la mchukuzi wa mizigo na kuachwa katikati ya majani yanayomzidi kimo, akilia kwa hofu. Watu wengi hawakumbuki chochote kabla ya umri wa hapo. Lee mwenyewe alitanguliza tahadhari kwamba huenda muda umepotosha baadhi ya mambo.

Kisa chake cha siku ya kwanza shuleni kimefahamika sana. Mwalimu alimwambia akae pale "kwa sasa", na neno alilotumia kwa Kiingereza lina maana nyingine, "zawadi". Mtoto akakaa siku nzima akingoja zawadi. Jioni akarudi nyumbani na hasira: hakupewa. Watu hucheka. Lakini kilichomo ni cha uzito. Mtoto aliliamini neno zima, kama alivyolisikia, na mtu mzima alilitupa bila kulitazama. Ikiwa kuna kitu ambacho Traherne angekiita Edeni ndani ya shule ya vyumba viwili, ni imani ile ya kukaa na kungoja.

Shule za aina hiyo zilijengwa kwa wingi na Kanisa la Anglikana kupitia chama chake cha elimu kilichoundwa mwaka 1811. Serikali iliingia polepole. Kanuni za 1862 ziliifunga ruzuku na matokeo: kwa kila mtoto, shilingi 4 kwa mahudhurio na shilingi 8 akifaulu kusoma, kuandika na hesabu mbele ya mkaguzi. Sheria ya 1870 ilileta shule za umma pale zilipokosekana na kumpa mzazi haki ya kumtoa mtoto katika kipindi cha dini. Mahudhurio yakawa lazima mwaka 1880. Katika vijiji vingi shule ilibaki moja, ya Kanisa, na mtoto wa Mmethodisti aliketi humo. Msomaji aliyepitia shule ya misheni Afrika Mashariki atavitambua vitu vyake bila kutajiwa: kengele, rejista, majibu yanayoimbwa kwa pamoja.

Kilichoimbwa hasa kilikuwa katekisimu. Swali lake la kwanza kwa mtoto ni jina lake. La pili ni nani aliyempa jina hilo, na jibu ni kwamba alipewa na wadhamini wake katika ubatizo. Kwa hiyo mtoto wa kijiji alianza elimu ya nafsi yake kwa tukio asiloweza kulikumbuka hata kidogo. Kwa kipimo cha Locke, aliyebatizwa hakuwa yeye. Kwa katekisimu, ndiye hasa, kwa kuwa wengine walikuwepo, walisikia, na kasisi akaandika katika daftari, kama ilivyoagizwa kwa kila parokia ya Uingereza tangu 1538. Hapa ndipo jibu la fumbo la Reid linapopatikana, na ni ajabu kwamba lilikuwa likikaririwa na watoto wa miaka saba. Jenerali aliyesahau fimbo bado ni mtoto yule, kwa sababu kumbukumbu ya mtu haijawahi kuwa mali yake peke yake. Mwalimu mkuu wa shule yenye ruzuku alitakiwa kutunza daftari la matukio, na madaftari mengi ya namna hiyo yamehifadhiwa: watoto hawakuja, wanaokota masazo ya mavuno, viazi, theluji, surua, shule imefungwa. Humo mtoto yupo bila kujua kwamba yupo.

Ushahidi wa wengine una ubaya wake, na Flora Thompson aliuona. Alizaliwa mwaka 1876 katika kitongoji cha Juniper Hill, Oxfordshire, na alitembea maili moja na nusu kwenda shule ya Cottisford. Katika kitabu chake cha kwanza cha utoto, kilichotoka 1939, kasisi huja kila asubuhi kufundisha Maandiko, na mafundisho yake hurudi palepale: Mungu amemweka kila mmoja katika daraja lake, na kutoridhika ni dhambi. Kijiji kinachokutunzia jina hukutunzia na nafasi yako. Mtoto wa kibarua alikumbukwa kuwa mtoto wa kibarua, na aliyewahi kuiba matunda hakusahauliwa hata alipotaka kusahauliwa. Kwa mtu kama huyo, Locke na mahakama yake ya dhamiri ni kimbilio kweli.

Thompson alitafuta njia kati ya hayo. Hakuandika "mimi". Mtoto wa kitabu chake anaitwa Laura, na mwandishi anamzungumzia kama jirani aliyemfahamu vizuri, akieleza bei ya chakula, nyimbo za kilabuni na michezo ya wasichana kwa uangalifu uleule anaoutumia kueleza mawazo ya Laura. Uamuzi huo ni wa kifalsafa kuliko unavyoonekana. Mzee hadai tena kwamba yeye ndiye mtoto yule kwa sababu anamkumbuka. Anamtolea ushahidi, kama ambavyo mtu mwingine yeyote wa kitongoji angemtolea. Na kwa kuwa anasimama pale pa shahidi, anaweza kuwatolea ushahidi na wengine ambao hawakubaki kujisimulia. Mdogo wake Edwin, anayeitwa Edmund kitabuni, aliuawa vitani Ubelgiji mwaka 1916. Sura ya mwisho inakwenda kwenye bamba la shaba ukutani mwa kanisa, juu ya benchi walilokuwa wakikalia watoto wa nyumba yao. Kutoka kitongoji kile kidogo wanaume kumi na mmoja hawakurudi. Majina yamechongwa katika safu mbili za matano matano, na chini yake, peke yake, la Edmund.